Kiuno cha Suruali ya Nitarudi

Mtaa wetu ulikuwa umepagawa. Bomba la maji lilikuwa linakuja!

Jamani, bomba! Sisi watu wa mtaa huu tumebeba maji kwa ndoo miaka na miaka. Shingo zetu zinajua. Sasa mtaro ulikuwa umechimbwa kutoka barabara kuu mpaka kwenye kona, karibu kabisa na kibanda chetu cha kushonea nguo. Na aliyekuwa analaza mabomba ni nani? Kaka yangu mwenyewe, mtoto wa mama yangu! Nilikuwa natembea kifua mbele, utadhani mabomba nimeyalaza mimi.

Kaka yangu ni fundi bomba. Jina lake la kuzaliwa tumeshalisahau. Kila mtu anamwita Nitarudi. Jina hilo amelipata kwa tabia yake. Akimaliza kazi kwenye nyumba ya mtu, anakusanya spana zake, ananawa mikono, anasema, "Nitarudi kuangalia." Na kweli anarudi. Baada ya siku chache, huyo mlangoni. Baada ya mwezi, huyo tena, wala hakuitwa. Anagusa bomba pale lilipoungwa, anapapasa ukuta, anaaga. Watu walianza kumtania kwa jina hilo, nalo likamganda.

Mke wake, yaani wifi yangu, ni fundi cherehani. Mimi ni msaidizi wake. Natia vifungo, napiga pasi, napokea wateja. Wifi anasema kazi ninayoifanya zaidi ni kuongea. Hajakosea sana.

Asubuhi hiyo wifi alikuwa na suruali nyeusi ya kaka mapajani. Ilikuwa suruali ya kuvaa siku ya kufungua bomba. Mtaa mzima ulikuwa umemchagua kaka afungue koki kwa mkono wake. Wifi alikuwa anafumua mshono wa nyuma, pale kiunoni.

"Wifi, hiyo suruali si uliipanua juzi juzi tu?" nikamwuliza.

"Niliipanua. Sasa naipanua tena," akajibu huku anacheka. "Kaka yako alitoka hospitali amekonda kama mti wa ufagio. Mwangalie leo! Mtu akilishwa vizuri, haonekani?"

"Haya, anza kujisifu."

"Kwa nini nisijisifu? Tumbo lile ni kazi ya mikono yangu!"

Tukacheka mpaka uzi ukamponyoka. Wifi alikuwa na haki ya kufurahi. Mwaka juzi kaka alitutia hofu kubwa. Alishikwa na maumivu makali ya tumbo, upande wa kulia, chini. Alikuwa anajikunja kama mtoto. Tukamkimbiza hospitali. Wakampasua wakamtoa kidole tumbo, kile kipande kidogo cha utumbo kinachoning'inia kama kidole.

Lakini hakikuwa kidole tumbo cha kawaida. Kilikuwa kimevimba na kujaa ute mzito kama gundi. Tena kilikuwa kimepasuka kidogo, na ute kidogo ulikuwa umetoka nje. Kilipelekwa maabara. Majibu yakasema ni uvimbe unaotengeneza ute, ule wa kukua taratibu. Wakampima pia utumbo mpana kwa kamera ndogo, maana anayepata uvimbe huu wakati mwingine huwa na uvimbe mwingine huko. Hawakukuta kitu. Daktari akamwambia kaka, "Utakuwa unarudi tukuangalie. Picha ya tumbo na kipimo cha damu. Kwa miaka kadhaa."

Kaka alirudi mara moja. Picha ikatoka safi. Siku hiyo tuliruka ruka sebuleni mpaka jirani akagonga ukuta. Basi, ikawa imeisha hapo. Tarehe ya pili ilipofika, kaka alikuwa kazini. Ya tatu hata hakuikumbuka.

"Picha ilikuwa safi," alikuwa akisema. "Tena kidole tumbo chenyewe hakipo, walishakitupa. Kitu kisichokuwepo kitaniuma vipi?"

Nasi tulikubali. Mtu anakula, anacheka, anabeba mabomba begani. Utamwambia nini?

Basi wifi alikuwa bado anafumua, mara mteja akapiga hodi. Alikuwa nesi wa kliniki ya upasuaji. Nyumba yake iko nyuma ya kibanda chetu, na sare zake zote tunashona sisi.

"Karibu, nesi! Sare yako iko tayari, nimeipiga pasi mwenyewe," nikamwambia. "Ukiivaa, wagonjwa watapona kwa kukuangalia tu."

Nesi akacheka, akakaa kwenye benchi. Macho yake yakatua kwenye suruali. Kiunoni palikuwa na alama za mishono ya zamani, mstari juu ya mstari.

"Fundi, suruali hii imepanuliwa mara ngapi?"

"Hii ni ya tatu," wifi akasema kwa fahari. "Ni ya mume wangu. Namlisha!"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nikiona inakaribia kumbana tu, naipanua kabla hajasema. Yeye hata hajui. Kila siku yumo ndani ya ovaroli, na ovaroli halina kiuno."

Nesi hakucheka tena. Akaishika suruali, akaigeuza.

"Na mapaja umeyapanua?"

"Mapaja? Hapana. Mapaja yako vile vile."

"Mashati je? Kola? Mabega?"

Nikaona mkono wa wifi umepanda kwenye futi yake ya kupimia iliyokuwa shingoni.

"Kola..." akasema polepole. "Shati lake jipya nililipunguza mabega. Na kola nayo niliipunguza."

Wifi anajua miili ya watu kuliko mtu yeyote mtaani. Mtu akinenepa, shingo hujaa, mapaja hujaa, mikono hujaa. Amewashonea wanene na wembamba tangu msichana. Lakini huyu wa nyumbani kwake alikuwa anampima kwa furaha. Hakuwa anampima kwa futi.

"Wifi," nikamnong'oneza, "kaka ananenepa tumbo peke yake?"

"Shingo imepungua," akasema. "Mungu wangu! Shingo imepungua na tumbo limeongezeka!"

"Subirini kwanza," nesi akasema. "Msianze kulia. Tumbo hukua kwa sababu nyingi. Mumeo aliwahi kuumwa nini?"

Tukamweleza habari ya kidole tumbo, mimi na wifi kwa pamoja, tunakatishana maneno. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na alirudi kliniki mara ngapi?"

"Mara moja. Picha ilikuwa safi."

Nesi akatikisa kichwa. "Sikilizeni. Uvimbe huu wa ute hauendi kwa kila mtu namna moja. Kidole tumbo kikitolewa kizima, hakijapasuka, wengi hupona hapo hapo. Huangaliwa tu kama daktari atakavyoona. Lakini kikiwa kimepasuka, chembe chache zinaweza kubaki tumboni. Hazionekani kwa macho. Zinakaa kimya, zinatengeneza ute taratibu. Ute ukijikusanya, tumbo linakua. Mtu haumwi, homa hana. Anaona suruali inabana tu."

"Lakini ya kwake haikubana!" wifi akapiga kelele. "Mimi nilikuwa naipanua!"

Akaitupa suruali mezani kama imemuunguza.

Wakati huo huo kaka akaingia. Alikuwa na ovaroli lake la bluu, matope mpaka magotini, uso unang'aa kwa furaha.

"Wanawake wa cherehani, mpo? Nimefika kwenye kona! Kimebaki kipande cha mwisho. Wiki ijayo mnaoga mvua ya bafuni mpaka mchoke!" Kisha akatutazama. "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu," wifi akasema. "Simama hapo."

Akavua futi shingoni, akaizungusha tumboni kwa kaka juu ya ovaroli. Akasoma namba, akaisoma tena.

"Baba watoto, kesho unakwenda hospitali."

"Kesho? Kesho nina mtaro!"

"Mtaro utachimbwa na wengine."

"Mke wangu, mimi siumwi. Nitakwenda bomba likishafunguliwa. Naahidi."

Nesi akasogea kwenye benchi. "Fundi, si wewe uliyenifungia bomba la jikoni?"

"Ndiyo, nesi. Linavuja?"

"Halivuji. Ila ulirudi kuliangalia mara mbili baada ya kumaliza. Sikukuita. Mara ya kwanza ulikuta pakavu. Kwa nini ulirudi tena?"

Kaka akatabasamu. Mwulize habari ya mabomba, hata akiwa amekasirika atakujibu. "Nesi, kuvuja kwa kasi hata mtoto anakuona. Kunakosumbua ni kule kwa taratibu. Siku ya kwanza pakavu. Wiki ya kwanza pakavu. Tone moja linaingia ndani ya ukuta, halafu tone lingine. Ukija kuona rangi imebanduka, ukuta umeshaoza. Kwa hiyo fundi wa kweli harudi mara moja. Anarudi na kurudi."

Mimi nilikuwa nimekodoa macho. Wifi alikuwa ameshika kiuno.

"Umesikia ulichokisema?" wifi akamwuliza.

"Nimesema nini?"

"Rudia. Rudia polepole, ujisikie mwenyewe!"

Kaka akatutazama mmoja mmoja. Kisha uso ukambadilika, akawa mkali. "Mabomba ni mabomba, na mimi ni mtu. Nipeni suruali yangu niijaribu, nirudi kazini."

Wifi akaichukua ile suruali, akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

"Suruali hii siipanui tena. Hata nusu inchi!"

"Sasa siku ya bomba nitavaa nini?"

"Vaa ovaroli."

"Mbele ya mtaa mzima?"

"Mbele ya mtaa mzima! Kama unataka suruali, mtafute fundi mwingine. Mimi nimegoma."

Kaka akatoka amenuna. Nesi akachukua sare yake, akatuambia kwa upole tusimwache. Tulishona siku hiyo bila maneno. Ndiyo, hata mimi! Nilikuwa nafikiria mama yetu alivyoniambia nimwangalie kaka, na jinsi nilivyokuwa nalicheka lile tumbo.

Mchana nikachungulia nje. Kaka alikuwa amesimama ndani ya mtaro, peke yake. Mkono mmoja uko kwenye bomba, pale alipoliunga. Mwingine uko tumboni. Alikuwa anajipapasa kama anavyopapasa kuta za watu.

Nikamgusa wifi. Tukamwangalia wote wawili. Mara akapanda kutoka mtaroni, akaja mpaka mlangoni.

"Ni gumu," akasema. "Hapa chini ni gumu. Sikuwahi kugusa." Akamgeukia wifi. "Mke wangu, twende hospitali."

"Ulisema kesho."

"Leo. Twende hivi hivi."

Wakaenda. Yeye na ovaroli lake la matope, wifi na futi yake shingoni. Nami nikafuata nyuma nimebeba mfuko ambao hata sikujua ndani nimetia nini. Baadaye tuliufungua tukakuta ndani kuna pasi!

Hospitali walimpiga picha ya tumbo kwa ile mashine kubwa ya skani. Wakamtoa damu pia, kwa sababu kuna viashiria ndani ya damu ambavyo hupanda uvimbe ukirudi. Siku ya majibu tuliingia wote kwa daktari wa upasuaji. Ni mama mmoja mpole, ana sauti ya chini, lakini hazungushi maneno.

"Ute umejikusanya tumboni," akasema. "Juu ya utando unaofunika matumbo. Na viashiria vya damu vimepanda."

Wifi akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Daktari," kaka akasema, "nitakufa?"

Aliuliza wazi hivyo hivyo.

"Nakujibu kwa ukweli," daktari akasema. "Ugonjwa huu ukiachwa, tumbo hujaa, matumbo yakabanwa, mtu akashindwa hata kula. Huko ndiko tusikotaka ufike. Lakini wako ni wa aina ya taratibu, na bado haujabana matumbo. Kuna upasuaji mkubwa. Wanatoa ute wote na sehemu zilizoshikwa. Kisha wanaosha tumbo kwa dawa ya vuguvugu, ili kuua chembe ambazo jicho halizioni. Ukitoka wote vizuri, watu wengi wa aina yako wanaishi miaka mingi na kufanya kazi zao."

"Wote? Wanapona wote?"

"Siwezi kusema wote. Kwa wengine ugonjwa unarudi tena, na tunautibu tena. Ndiyo maana tunaangalia. Tukiuona mapema tunaweza kufanya jambo."

Kaka akainamisha kichwa. "Na kama ningerudi zile siku ulizoniambia?"

"Tungeuona ukiwa mdogo zaidi," daktari akasema. "Ila umekuja ukiwa bado una nguvu. Tuanzie hapo."

Upasuaji huo haufanywi kila mahali. Daktari akapiga simu hospitali kubwa, tukiwa tumekaa pale pale. Aliongea, akanyamaza, akaongea tena.

"Kuna nafasi," akasema. "Mgonjwa mmoja ameahirishwa. Unatakiwa ulazwe keshokutwa."

"Keshokutwa!" kaka akasema. "Daktari, wiki ijayo tunafungua bomba. Nimelilaza mwenyewe. Nilikuwa nimechaguliwa..."

"Wiki moja peke yake haitabadilisha sana," daktari akasema. "Lakini nafasi hii ikipita, sijui nyingine itapatikana lini. Chagua wewe."

Ah, mwenzangu! Mimi nilijua bomba lile lina maana gani kwake. Tulipokuwa wadogo alikuwa anabeba ndoo yake na yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nalia njiani. Siku moja alitua ndoo chini, akasema atakuja kuleta maji mpaka mlangoni kwetu. Nilimcheka. Sasa alikuwa amebakiza kipande kimoja tu.

Kaka akamtazama wifi. Machozi ya wifi yalikuwa yanadondoka juu ya futi.

"Waambie nakubali keshokutwa, daktari," kaka akasema. "Maji hata nikiwa sipo yatatoka."

Jioni ile alimkabidhi fundi mwenzake spana zake. Akamwelekeza kila kitu, kipande kwa kipande. Mwishoni akamwambia, "Pale kwenye kona, usikaze kwa papara. Ukikaza, rudi kaangalie." Yule mwenzake akaitikia huku anajifuta macho kwa kiganja cha matope. Akabaki na uso kama kinyago, tukacheka na kulia kwa pamoja.

Upasuaji ulichukua karibu kutwa nzima. Sisi tulikaa kwenye korido. Wifi alikuwa anafungua na kukunja futi, anafungua na kukunja. Daktari wa hospitali kubwa alipotoka, alivua kofia, akasema, "Tumetoa ute wote tuliouona." Wifi alimrukia akamkumbatia! Daktari wa watu akabaki ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Siku ya kufungua bomba ikafika. Mimi nilikuwa nimerudi mtaani, wifi yuko wodini. Kaka alikuwa bado na mipira ya dawa mkononi, na sauti haijamrudia vizuri. Watu walijaa kwenye kona mpaka barabarani. Ndoo, madumu, sufuria, kila mtu na chake. Nikampigia wifi simu, nikainua yangu juu ya vichwa vya watu.

"Mweke sikioni!" nikapiga kelele. "Anasikia?"

"Anasikia!" wifi akajibu.

Fundi mwenzake akazungusha koki. Kimya. Kisha bomba likakohoa. Likatoa upepo. Likatema maji ya matope. Watu wakasema, "Aaah!" Halafu, jamani, yakaja! Meupe, yana nguvu, yakaruka mpaka kifuani kwa mzee wa mbele! Vigelegele vikapasua anga. Mimi nilikuwa nimelowa, ninalia, ninacheka, simu iko juu.

Nikairudisha sikioni. "Kaka! Umesikia? Umesikia maji?"

Akapumua. Kisha akasema kwa kunong'ona, "Pale kwenye kona. Papasa."

"Nini?"

"Bomba. Papasa. Panavuja?"

Nikainama katikati ya watu, nikapitisha vidole chini ya bomba, mbele na nyuma. "Pakavu, kaka! Pakavu kabisa!"

"Waambie nitarudi kuangalia," akasema.

Nikawatangazia. Nakwambia kelele zilizopigwa hapo zilizidi zile za maji.

Kaka alikaa hospitali wiki kadhaa. Haikuwa lelemama. Siku za mwanzo alikuwa hawezi kula. Kisha akaanza uji, kisha hatua chache kwenye korido, huku wifi amemshika kiuno. Aliporudi nyumbani, mtaa mzima ulimpokea pale bombani. Alitaka kupunga mkono. Lo! Suruali nyeusi ikamteremka mpaka magotini! Akaidaka, watu wakaangua vicheko. Wifi alicheka zaidi ya wote.

"Leo nimeacha mgomo," akasema. "Leta niipunguze!"

Ikapunguzwa. Mishono ya zamani bado inaonekana kiunoni, mstari juu ya mstari. Wifi anaweza kuificha akitaka, lakini kaka amemkataza. Mtu akija kuchota maji, kaka anamwonyesha. Tena amekuwa msumbufu sasa. Akisikia mtu amefanyiwa upasuaji, anamfuata na ndoo yake. "Walichokutoa kilipelekwa maabara? Majibu ulichukua? Walisema nini? Unarudi lini?" Jirani yetu mmoja alitolewa kidole tumbo na hakuwa amewahi kuuliza majibu. Kaka hakumpa usingizi mpaka akaenda kuuliza. Akarudi anacheka kwamba kilikuwa kidole tumbo cha kawaida tu, hakikuwa na ule uvimbe wa ute, hana haja ya kurudi. Kaka akafurahi kama amefaulu yeye mtihani.

Wifi naye ana utaratibu wake. Kila mwezi anampima kaka tumbo, shingo na mapaja, kwa futi, bila mchezo. Kaka anasimama wima kama askari. Lakini wifi hajidanganyi kwamba futi inatosha. "Futi inaniambia ute ukiwa umeshakuwa mwingi," anasema. "Picha na damu ndivyo vinavyoona mapema."

Juzi ilikuwa siku ya kliniki. Ni mwaka umepita na zaidi tangu upasuaji ule mkubwa, na kaka hajakosa hata mara moja. Tulikwenda wote watatu. Nesi wetu alikuwa mlangoni, na sare yake niliyoipiga pasi. Alitupungia mkono lakini usoni hatukusoma kitu.

Tukaingia. Daktari akaangalia picha, akairudia. Akaangalia majibu ya damu. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni ili nisipige kelele. Wifi alikuwa ameshika futi kwa mikono miwili.

Daktari akainua macho.

"Safi," akasema. "Picha safi. Damu safi."

Wifi akapiga kigelegele mle ndani ya chumba cha daktari! Mimi nikaruka, nikapiga goti kwenye meza, wala sikusikia maumivu. Nje watu wakaanza kupiga makofi bila kujua kuna nini.

Kaka peke yake hakuruka. Alikuwa amekaa kwenye kiti, machozi yanamshuka mashavuni, ameshika mkanda wa suruali yake nyeusi. Zamani, neno hilo moja lilimtosha akapotea moja kwa moja. Daktari alikuwa bado anatabasamu, hajafungua mdomo tena, kaka akamwahi.

"Daktari," akasema, "nirudi lini?"